Majina Kumi na Mawili ya Mama

Ukizaliwa Kariakoo ukiwa na pua kama yangu, utaulizwa kabila lako mpaka uchoke. Muuza mihogo atakuuliza, mteja aliyekuja kununua pazia atakuuliza, hata mtu mnayegombania naye mahali pa kuegesha pikipiki atasimamisha matusi kwanza aulize, "Hivi kaka, wewe ni mtu wa wapi?" Wapo walioniita Mwarabu, wapo walioniita Mpemba, na wengine chotara tu, basi, yaishe. Zamani nilikuwa nawajibu kwa hasira. Mimi ni mwepesi wa hasira, nakiri, na ninayoyaandika hapa yanahusu siku moja ambayo hasira hiyo ilimfanyia mama yangu kitu ambacho sijui kama nitasamehewa.

Baba yangu alikuwa Mzaramo. Bibi mzaa mama alikuwa Mndengereko wa Rufiji, na kwa pande hizo mbili nina mashangazi, nina watani wa kunitukana misibani, nina mahali pa kwenda kuhani. Lakini babu mzaa mama alitoka kwenye milima ambayo mtaani kwetu hakuna aliyekuwa ameisikia: Nuristani, mashariki ya Afghanistani, pale inapopakana na Pakistani. Alikuja kijana, kabla ya Uhuru, kwa meli kutoka Karachi, amejichanganya na Wapathani waliokuja kutafuta maisha. Watu wa Kariakoo hawakuwa na muda wa kuchambua. Wakamwita Bulushi, kama walivyomwita kila mwenye kilemba na macho ya paka. Alisahihisha mwaka wa kwanza, akasahihisha wa pili, akachoka. Alikufa nikiwa na miaka sita, na kwa kweli ninachokumbuka ni vidole vyake tu, vipana, vina gundi na vumbi la mbao kwenye kucha.

Ya watu wake nimeyapata kwa mama. Alikuwa akisimulia hivi, na ukimkatisha anaanza upya. Watu wale walikaa mabonde ya juu kabisa, nyumba imejengwa kichwani mwa nyumba, paa la jirani wa chini ndiyo uwanja wa jirani wa juu. (Tulipohamia ghorofa ya nne alicheka, akasema kumbe amerudi kwao.) Kuhusu asili yao hakuna maelewano. Wageni husema ni uzao wa askari wa Iskandari, yule mfalme wa zamani, waliopitia huko wakabaki. Wenyewe, kwa maneno ya babu, walijiita Makureshi waliokataa dini mpya kule Uarabuni wakakimbia, na kila walipofikiwa walipanda mlima mwingine, mpaka wakafika mahali ambapo farasi hapandi. Huko waliabudu miungu yao, na wakawachongea wazee wao waliokufa sanamu za mbao. Majirani zao wa chini waliwaita makafiri, na nchi yao ikaitwa Kafiristani. Halafu Amiri wa Kabul akapeleka jeshi wakati wa baridi, theluji imeziba njia zote za kukimbilia. Wakasilimu. Sanamu zikatiwa moto, na nchi ikapewa jina jipya, Nuristani, nchi ya nuru. Babu alizaliwa baada ya hayo, Muislamu mtoto wa Muislamu, ila wazee walioziona sanamu zikiungua walikuwa bado hai, na alisema walikuwa hawapendi kuota moto wa magogo makubwa.

"Sasa mama," nilikuwa namchokoza, "ni Wagiriki au ni Makureshi?"

"Kamuulize aliyekuwepo."

Sanamu ziliungua, majina yakabaki. Ndivyo alivyosema babu: mwanamume wa kule lazima ajue baba zake wote kwa mpangilio, amtaje baba, babu, baba wa babu, na kuendelea juu hadi kumbukumbu iishe. Yeye hakupata mtoto wa kiume. Akamfundisha mama, binti yake wa pekee, majina kumi na mawili, kuanzia baba wa huyo babu kwenda juu. Mama alikuwa hawezi kuyaandika, na ukimkata katikati hawezi kuendelea, inabidi arudi mwanzo. Kila Ijumaa baada ya Alasiri alitandika mkeka, akasoma Yasini, akaleta Fatiha, halafu akayataja yote kumi na mawili na kuwaombea mmoja mmoja. Nimekua nikiyasikia kupitia pazia la chumba, kwa sauti ile ile moja, kila juma, miaka nenda rudi. Ustadhi mmoja jirani alipata kumwambia kwamba wale wa juu walikufa kabla ya Uislamu kufika kwao, haifai kuwaombea. Mama akamuuliza, "Kwani wewe ndiye uliyewaosha?" Ustadhi akanywa kahawa yake akaondoka.

Hapa lazima nieleze kuhusu viti. Babu alikuwa seremala, na sifa yake ilikuwa viti. Vifupi, mgongo mpana una nakshi za duara na misuko, na pa kukalia pamesukwa ngozi, si ukindu. Vinyozi walivitaka, wauza kahawa walivitaka, na wenye harusi waliazimana. Yeye mwenyewe hakukaa kitini. Kwenye baraza la kahawa wenzake walikaa mabenchi, yeye alikunja gunia akakaa chini, na ukimsogezea kiti alikataa kwa kutabasamu. Mama alisema ile ilikuwa adabu, unyenyekevu wa dini. Alijichongea kimoja tu, kizuri kuliko vyote, akakiweka chumbani. Alikikalia jioni mlango ukiwa umefungwa. Akisikia hodi, huyo, keshateremka mkekani, na mgeni ndiye anayekalishwa kitini. Mama aliipenda sana hadithi hiyo, na sisi watoto tulikua tukiamini kwamba hakukuwa na mkarimu Kariakoo nzima kumshinda babu.

Nyumba yake ya vyumba sita iliuzwa zamani, na pale sasa pana maduka ya simu. Mama alihamia kwangu na mkoba wake, mkeka, na kile kiti.

Mwaka juzi moyo wa mama ulianza kuchoka. Miguu ilimvimba, akawa analala amekaa. Tulikwenda hospitali Upanga tukarudi, tukaenda tukarudi, na mara ya mwisho daktari alinivuta pembeni akaniambia kwa upole nisiweke mipango mirefu. Mama hakuuliza daktari kasema nini. Tulipofika nyumbani, baada ya kupumzika kila ngazi mpaka ghorofa ya nne, alinishika mkono.

"Wewe una watu Rufiji," aliniambia. "Una watu Uzaramoni. Mimi kwa baba sina hata mmoja. Nataka mtu mmoja tu wa upande wa baba yangu anione kabla sijafa. Anione tu, aseme huyu ni wetu."

Nilimwambia tutaona, Mungu mkubwa. Moyoni nilisema, wapi? Nimtoe wapi Mnuristani hapa Bongo?

Halafu ikatokea. Pale jirani na duka langu la mapazia kuna rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, Muhindi wa bawaba na kufuli, ambaye Kiurdu amekikuta kwao na Kiswahili chake ni cha Mtaa wa Sikukuu kabisa. Siku moja alikuja ananikimbilia na tumbo lake lile.

"Oya! Msikitini kuna wageni wa tabligh, wale wanaozunguka kuhubiri, wametoka Pakistani. Mmoja mzee nimesali naye. Siyo Mpanjabi yule, siyo Mpathani. Nimemuuliza kwao, anasema Chitral, lakini wazee wake walivuka mpaka. Anasema yeye ni Mnuristani."

Mkasi ulinidondoka mguuni, na damu niliiona baadaye. Nilimkuta msikitini amekaa na wenzake kwenye busati, mwembamba, umri wa miaka sabini hivi, na kichwani kofia ya sufu iliyokunjwa pembeni. Sufu, jamani, kwenye joto la Kariakoo! Pua yake ilikuwa yangu. Sitanii. Rafiki yangu alimweleza habari za mama. Mzee alisita kwa sababu mama si maharimu wake, lakini aliposikia ni mgonjwa mtu mzima na kwamba mwanawe nitakuwepo, akasimama hapo hapo akatafuta viatu.

Mama alijiandaa kama bibi harusi. Aliagiza wali wa nazi na mchuzi wa samaki, akavaa kanga mpya, akajifunika vizuri, akakaa kitandani wima bila mto. Kiti cha babu aliamuru kiwekwe mbele ya kitanda, mgeni akalie hicho na si kingine. Mzee aliingia anahema kwa zile ngazi, akasalimia, akakaa kitini bila kusita, mikono juu ya magoti. Tulikuwa wanne tu, na rafiki yangu akifasiri.

Mama hakupoteza muda kwa habari za safari. Alianza majina.

Jina la kwanza, la pili. Mgeni alisogeza sikio, amekunja uso kama anayetafuta stesheni ya redio, maana majina yale yalikuwa yamekaa kwenye ulimi wa Kiswahili miaka mingi na yameota irabu ambazo hayakuzaliwa nazo. La tatu akainua kichwa. La nne akamshika rafiki yangu mkono. Kwenye la sita mama alisimama avute pumzi, kifua kilikuwa kinambana, na nikaogopa kwamba itabidi arudi mwanzo. Kabla hajafungua mdomo, mgeni alilitamka la saba. Mama akapiga kelele ndogo. Akataja la nane, mgeni la tisa, na yale matatu ya mwisho waliyataja pamoja, mmoja kitandani, mmoja kitini, wote machozi tele. Rafiki yangu naye analia, hafasiri chochote, na hakukuwa na haja.

"Hao ni baba zangu," mgeni alisema alipoweza kusema. "Huyo wa kwanza uliyemtaja ni babu yangu mimi."

"Basi wewe ni kaka yangu," mama alisema. "Mtoto wa baba yangu mdogo."

Mgeni alikubali kwa kichwa, akafikiri kidogo. Akasema babu yake alikuwa na watoto watatu wa kiume, na makaburi yao wote anayajua. Mama akacheka, akasema basi huyu aliyekimbilia Afrika ni wa nne, hesabuni vizuri huko milimani. Tukacheka wote. Mgeni akaanza kupapasa mkono wa kiti, polepole, kidole kikifuata zile duara. Alisema nakshi hizo anazijua, ndizo zilizokuwa kwenye nguzo za nyumba ya babu yake. Kiti hiki kilikuja vipi mpaka huku?

"Hakikuja," mama alisema kwa fahari. "Baba amekichonga hapa hapa, kwa mkono wake." Akamweleza habari za viti vya Kariakoo nzima, vinyozi na wauza kahawa. Akamweleza lile gunia la barazani. Akamalizia na hadithi yake aliyoipenda, babu amefunga mlango, amekaa kitini mwake, hodi hiyo, huyo yuko mkekani. Rafiki yangu alifasiri huku anacheka.

Mgeni hakucheka. Nilikuwa namtazama, nikaona uso unamshuka. Akainuka kwenye kile kiti, taratibu, kwa miguu ile ya uzee, akakaa chini mkekani.

"Unaona mwanangu?" mama alinigeukia, macho yanang'aa. "Unaona? Baba mtupu!"

Mgeni alikula chini pale pale. Alimwita mama dada mara nyingi, akamwombea dua ndefu, akaitikia kaka kila alipoitwa kaka. Alipoaga, mama alikuwa amechoka na amefurahi kuliko nilivyomwona tangu nizaliwe. Nilishuka ngazi kumsindikiza, na kwenye ghorofa ya pili nikashindwa kuvumilia.

"Muulize," nilimwambia rafiki yangu, "kwa nini ameondoka kitini."

Mzee alikataa kusema. Nikasimama mbele yake, nikaziba ngazi. Watu wanapanda na mabegi yao wananisukuma, mimi sitoki. Mwishowe akaegemea ukuta, akasema.

Alisema kule kwao kulikuwa na watu wa aina mbili. Wenye mbuzi na mashamba, na mafundi. Fundi wa mbao, wa chuma, wa kusuka, hao walikuwa mali ya nyumba za wenye mbuzi. Fundi alichonga kiti, lakini hakuruhusiwa kukikalia mbele za watu. Kusilimu kulifuta hayo kwa sheria, ila macho ya watu yalibaki vile vile miaka mingi. Na fundi hakuwa na ukoo wa kutaja. Majina yale kumi na mawili yalifundishwa jioni kando ya moto, kwa watoto wa mwenye nyumba, na mtoto wa fundi anayeleta kuni aliyasikia pia. Nyumba ya babu yake ilikuwa na fundi hodari ambaye ndiye aliyechonga nguzo, na mwanawe alitoroka akiwa kijana. Wakubwa walimsimulia kwa masikitiko, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri.

"Usimwambie," alimaliza. "Ameniita kaka na mimi nimeitika. Kwa hilo nitaulizwa mimi mbele ya Mungu. Wewe nyamaza tu."

Nilitaka kumpiga. Mzee wa watu, mgeni, kanionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyonichoma. Siku nzima iliyofuata nilikuwa nakata vitambaa ovyo, nikimwona mbele yangu alivyokaa kile kiti mwanzoni, bila kusita, kama mtu aliyezaliwa nacho.

Ningenyamaza. Wallahi nadhani ningenyamaza. Lakini mama alikuwa amepata kwao, na hakuweza kukaa kimya nako. Jirani wa ghorofa ya tatu, Mchagga muuza vitenge ambaye kila Desemba anapanda basi kwenda Moshi, na ambaye walitaniana naye daima kuhusu mtu asiye na kwao, aliitwa juu aje aambiwe. "Na mimi sasa nina kwetu," mama alimwambia, "na kwetu kuna theluji kuliko kwenu." Jirani akapiga vigelegele. Alipoondoka, mama akaniita.

"Kaka yangu anaondoka keshokutwa, wanakwenda Tanga. Kesho mpelekee kile kiti. Kirudi nyumbani. Baba hakurudi, basi kiti chake kikakae nyumba ya baba zake."

"Hakiendi," nilisema.

"Una nini wewe?"

"Nimesema hakiendi, mama! Yule si kaka yako! Babu yake alikuwa anammiliki babu yako, kama mbuzi! Baba yako asingeruhusiwa hata kukaa mbele yake, na wewe unataka kumpelekea kiti!"

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mama yangu mgonjwa. Sikuyapunguza hapa na sitayapunguza.

Hakulia. Alivuta kanga, akaiweka sawa mabegani, akaniambia nirudie, polepole. Nikarudia. Mafundi, wenye mbuzi, moto wa jioni, kuni. Nilipofika kwenye kiti alininyooshea mkono ninyamaze.

"Kwa hiyo ule mlango," alisema. "Alikuwa anaufunga kwa woga."

"Mama, basi."

"Hapa Kariakoo? Nani angemkataza hapa? Kinyozi? Muuza kahawa?" Sasa akalia, na hakuwa anajililia yeye. "Maskini baba yangu. Amevuka bahari yote ile halafu bado anaogopa hodi."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akanipapasa kichwa, mkono mzito, umevimba. Kisha akauliza jambo ambalo mimi, pamoja na hasira zangu zote, halikuwa limenijia.

"Na yule fundi aliyechonga nguzo, baba yake baba. Aliitwa nani?"

Nilisema sijui.

"Miaka yote hii," alisema, "nimewaombea watu wa nyumba ile mmoja mmoja kwa jina. Na babu yangu mwenyewe sijamwombea hata Ijumaa moja. Nenda kaulize."

Nilikwenda mbio. Nilimkuta mzee anafunga mizigo. Aliponiona na rafiki yangu nyuma alijua nimesema, na hakunilaumu. Nilimuuliza jina la fundi. Alikaa kwenye begi lake, akafikiri muda mrefu, midomo inacheza.

"Tulimwita fundi," alisema. "Sote. Wakubwa na watoto. Nilimkuta amezeeka, alinichongea farasi wa mbao. Nilimwita fundi."

Nilimwambia si kweli, lazima alikuwa na jina, mama yake alimpa jina. Alikubali kwamba lazima alikuwa nalo. Alitoa simu, akampigia mpwa wake kwa WhatsApp, mpwa akapanda kwa shangazi mmoja kikongwe ambaye ndiye aliyebaki wa zamani zile. Tulimwona kwenye kioo, uso umekatikakatika kwa mtandao dhaifu, anaulizwa kwa sauti kubwa sikioni. Nguzo alizikumbuka. Sauti ya fundi aliikumbuka, alikuwa anaimba akipiga randa. Jina hakulijua. Mzee aliinamia simu yake akalia, na mimi nilikuwa sina hasira tena, ilikuwa imeniishia yote, wakati ambapo haifai kitu tena.

Nilipanda ghorofa zote nne nikamwambia mama. Alisema, "Haya."

Ijumaa ile hakutandika mkeka. Iliyofuata pia. Kiti alikitupia kanga juu yake, akawa hakiangalii. Nilimleta imamu wetu, mtu muungwana, akamweleza kwamba Mungu hahitaji jina, amwombee tu babu yake kwa nia, itafika. Mama alimshukuru vizuri. Imamu alipoondoka aliniambia hawezi. Amezoea kumshika mtu kwa jina lake, bila jina anaona kama anapunga mkono gizani. Mimi nikambembeleza arudie majina yake ya zamani, wale nao ni waja wa Mungu, asikatize dua ya maisha yake yote kwa sababu ya mdomo wangu.

Ijumaa ya tatu nilirudi nyumbani mapema kutoka dukani, mvua ilikuwa kubwa, Jangwani kumefurika na wateja hawavuki. Nilipofungua mlango nilisikia sauti ya mama nyuma ya pazia. Majina. La kwanza, la pili, la tatu, kwa mpangilio wake, na baada ya kila moja kimya kifupi kama cha zamani. Nilisimama pale sebuleni nimelowa, nikasema Alhamdulillahi, amerudi. Nilihisi nimesamehewa. Nilimwacha mpaka akamaliza la kumi na mbili, ndipo nikaingia.

Alikuwa amekaa mkekani. Sijui aliteremkaje kitandani peke yake.

"Nimefurahi mama," nilimwambia. "Nimefurahi umewaombea tena."

"Sikuwa nawaombea," alisema. "Nilikuwa namuuliza kila mmoja, babu yangu alikuwa anaitwa nani."